SI KILA UVIMBE WA MFUPA NI KANSA

(Haya ni maneno ya mazungumzo yetu na viongozi wa vikundi vya kujisaidia. Tunayachapa ili yasomwe kwa sauti katika mikutano ya vikundi.)



Mara nyingi tukikutana huzungumza juu ya maji safi, vyoo, chanjo na malaria. Leo tumeleta jambo ambalo halizungumzwi sana, lakini linasumbua watu kwa siri majumbani. Ni ule uvimbe mgumu unaotokea kwenye mfupa au kwenye kiungo. Mama anamwogesha mtoto, anapitisha mkono karibu na goti, anakuta kitu kigumu kama jiwe ambacho upande wa pili hakipo. Hakisogei. Mtoto mwenyewe anasema hakiumi. Basi usiku huo hakuna usingizi katika nyumba hiyo.

Hapo maneno huanza. Mmoja anasema ni kansa, mguu utakatwa. Mwingine anasema mtoto amerogwa. Wa tatu anajua mzee hodari wa kukanda mifupa. Wa nne anasema, wacheni tu, kitaisha chenyewe. Na wote wanasema kwa nia njema.

Sisi tunataka mrudi nyumbani na neno moja, nalo ni hili: uvimbe mwingi wa mifupa ya watoto na vijana si kansa, lakini hakuna mtu anayeweza kujua hivyo kwa kuutazama na kuushika tu. Ni lazima upigwe picha ya eksirei, na picha hiyo isomwe na mtu aliyefundishwa. Mengine yote tutakayosema leo yanasimama juu ya neno hilo.

MFUPA UNAVYOKUA

Sote tumekula kuku. Mwishoni mwa mfupa wa paja kuna kitu cheupe, laini, chenye kuteleza, ambacho watoto hupenda kukitafuna. Hilo ndilo gegedu. Masikio yetu na ncha ya pua zina gegedu pia, ndiyo sababu zinakunjika bila kuvunjika. Kwenye viungo, gegedu hufunika ncha za mifupa ili isisagane tunapotembea na kulima.

Mtoto ana gegedu jingine ambalo sisi watu wazima hatuna tena. Karibu na kila mwisho wa mfupa mrefu kuna utepe mwembamba wa gegedu, na huo ndio unaomrefusha. Kila siku unatengeneza gegedu jipya, nalo polepole linageuka kuwa mfupa. Kazi hiyo ni kubwa zaidi karibu na goti na karibu na bega. Msichana akifika miaka 14 mpaka 16 hivi, na mvulana miaka 16 mpaka 18 hivi, utepe wote huwa umegeuka mfupa, na kurefuka kunasimama.

Tumeyasema haya kwa sababu uvimbe tutakaoutaja leo hutokana na kazi ya gegedu iliyokosea njia. Hautokani na damu chafu, wala baridi, wala kitu kilichozikwa mlangoni na jirani.

Na tofauti ya uvimbe wa kawaida na kansa ni nini? Uvimbe usio wa kansa hukaa mahali pake. Unaweza kukua na kusukuma vilivyo karibu nao, lakini hausafiri mwilini. Kansa hula mfupa, huvunja mipaka yake na kuingia katika nyama, kisha husafiri kwa damu mpaka mapafuni.

CHIPUKIZI LA MFUPA

Uvimbe wa mifupa usio wa kansa unaoonekana zaidi kuliko mwingine wote unaitwa osteokondroma. Jina ni gumu, lakini kitu chenyewe ni rahisi kuelewa. Fikirini mti ambao ubavuni mwake limechipuka tawi dogo mahali pasipotarajiwa. Sehemu ndogo ya ule utepe wa gegedu inatoka kando, inaanza kukua kwa njia yake, na mfupa unafuata. Matokeo yake ni kipande cha mfupa kinachotokeza, juu yake kikiwa na kofia ya gegedu, kama uyoga. Mara nyingi kinaelekea upande usio wa kiungo.

Huonekana zaidi sehemu ya chini ya mfupa wa paja, sehemu ya juu ya mfupa wa mguu chini ya goti, na juu ya mkono karibu na bega. Wengi hugundua wakiwa na miaka 10 mpaka 30. Kinakua mtoto anapokua, na mtoto akimaliza kukua nacho kinasimama.

Wengi wenye chipukizi hili hawahitaji kitu chochote ila kuangaliwa. Wanacheza mpira, wanabeba maji, wanaoa na kuolewa, wanazeeka nalo. Lakini wengine husumbuliwa. Chipukizi linaweza kusugua misuli mpaka ngozi ya juu yake ikavimba na kuuma. Shina lake linaweza kuvunjika mtu akianguka. Likiwa upande wa nje chini ya goti, linaweza kubana mshipa wa fahamu, na mtu akaona ganzi au akashindwa kuinua unyayo. Likiwa nyuma ya goti linaweza kuumiza mshipa mkubwa wa damu. Hawa ndio daktari huwapasua na kuliondoa.

Wengine huuliza, kwa nini lisiondolewe mapema, tumalize? Kwa sababu kwa mtoto anayekua, chipukizi bado liko karibu na ule utepe wa kumrefusha. Utepe ukiguswa vibaya, mguu unaweza kubaki mfupi au kupinda. Tena linaweza kuota upya. Kwa hiyo daktari akisema tungoje, si kwamba amekataa kazi. Anamlinda mtoto.

Je, linaweza kugeuka kansa? Kwa mtu mwenye chipukizi moja ni nadra sana, wanakadiria kama mtu 1 katika 100. Na likigeuka, kwa kawaida ni kwa mtu mzima. Alama yake ni rahisi kukumbuka: chipukizi lililokuwa limenyamaza linaanza kukua tena baada ya mtu kumaliza kurefuka, au linaanza kuuma bila kugongwa. Mtu wa namna hiyo arudi hospitali, hata kama aliambiwa miaka 20 iliyopita kwamba si kitu.

UVIMBE ULIO NDANI, USIOONEKANA KWA NJE

Uvimbe mwingine wa gegedu hauchipuki nje. Unakaa ndani ya mfupa, na unaitwa enkondroma. Mahali unapopenda zaidi ni mifupa midogo ya vidole vya mkono. Mtu anaweza kuishi nao miaka mingi bila habari. Siku moja anagonga kidole kidogo tu, labda kwenye mpini wa jembe, na kidole kinavunjika. Anashangaa, mbona pigo dogo namna hii? Picha inaonyesha kwamba mfupa ulikuwa umekuwa mwembamba kama ganda la yai. Kwa kawaida wanangoja mfupa uunge kwanza, halafu daktari akiona inafaa anaukwangua uvimbe na kujaza mfupa mwingine mahali pake. Kwa hiyo mtu akivunjika mfupa kwa jambo dogo lisilostahili kuvunja, tusimcheke wala tusimfunge vijiti tu. Apigwe picha.

Kuna mwingine unaokaa kwenye ncha kabisa ya mfupa, karibu na kiungo, unaoitwa kondroblastoma. Huu ni wa vijana, hasa kati ya miaka 10 na 25. Huwa na maumivu kwenye goti, bega au nyonga, ambayo hayaondoki wiki hata wiki. Watu husema ni baridi yabisi, au ni mpira anaocheza. Si kansa, lakini ukiachwa unakula ncha ya mfupa na kuharibu kiungo. Dawa yake ni upasuaji wa kuukwangua na kujaza shimo. Na kwa kuwa unaweza kurudi, kijana asiache kwenda kliniki kwa sababu tu amepona kidonda.

Watu wazima nao wana wa kwao. Ngozi nyembamba inayofunika kiungo kwa ndani inaweza kuanza kutengeneza punje za gegedu, ndogo kama mchele au kubwa kama mahindi. Nyingine hukatika na kuelea ndani ya kiungo. Mara nyingi ni goti, na mara nyingi ni mtu wa miaka 30 mpaka 50. Anasema goti linavimba, linalia kama mchanga, na siku nyingine linakwama kabisa, halikunjiki wala halinyooki. Punje hizo zikikomaa na kuwa ngumu huonekana kwenye picha, lakini zikiwa bado laini zinaweza zisionekane, na hapo hutakiwa kipimo kingine. Daktari huzitoa kwa upasuaji. Kukanda hakuwezi kuziyeyusha.

WENYE UVIMBE MWINGI KATIKA FAMILIA MOJA

Sasa tuje kwa jambo linaloumiza mioyo. Kuna nyumba ambamo baba ana vinundu vya mifupa kwenye magoti, mikono na mabega, na watoto wawili au watatu wanavyo pia. Mikono yao labda imepinda kidogo, nao ni wafupi kuliko wenzao. Kijiji kinanong'ona kwamba familia hiyo ina laana. Binti zao hawaposwi. Wakati mwingine mtoto anafichwa nyuma ya nyumba wageni wakija.

Ndugu zetu, hiyo ni hali inayojulikana na ina maelezo yake. Ni yale machipukizi tuliyoyataja, lakini mengi kwa mtu mmoja. Inarithiwa, kama vile mtu anavyorithi pua ya babu yake. Miaka ya 1990 wataalamu walitambua sehemu mbili za urithi wa mwili ambazo zikiwa na kasoro huleta hali hii, wakaziita EXT1 na EXT2. Mzazi akiwa nayo, kila mtoto anayezaliwa ana nafasi nusu kwa nusu ya kuipata, awe mvulana au msichana. Na karibu mtu 1 katika 10 mwenye hali hii hana mzazi aliye nayo, imeanzia kwake. Kwa hiyo hata mama asishtakiwe ati aliileta nyumbani.

Ni hali ya nadra. Kadirio linalotumika ni kama mtu 1 katika watu 50,000. Lakini kwa familia iliyo nayo haisaidii kusikia kwamba ni nadra. Inachohitaji ni mtoto aangaliwe na daktari wa mifupa tangu akiwa mdogo, maana mkono unaoanza kupinda unaweza kusaidiwa mapema kuliko baadaye. Hatari ya kansa kwao ni kubwa kidogo kuliko kwa mwenye chipukizi moja, kwa hiyo hata wakiwa wazima waendelee kuangaliwa.

Kuna pia wale wenye uvimbe mwingi wa ndani ya mifupa, mara nyingi upande mmoja wa mwili, na mguu mmoja unabaki mfupi. Hali hiyo inaitwa ugonjwa wa Ollier, kwa jina la daktari Mfaransa aliyeieleza mwishoni mwa karne ya 19. Kwa kawaida huo haurithiwi. Lakini wenye ugonjwa huo wana hatari kubwa zaidi ya kansa, nao waangaliwe maisha yao yote.

Wakristo tunakumbuka habari ya yule mtu aliyezaliwa kipofu. Wanafunzi walitaka kujua ni dhambi ya nani, yake au ya wazazi wake, na Yesu akakataa lawama zote mbili. Basi sisi ni nani tuzifufue?

VIJANA WAWILI, GOTI MOJA

Tuchukue mfano ili tuone kwa nini tunasisitiza picha. Ni mfano tu, si watu tunaowajua. Kuna vijana wawili wa miaka 14, wa shule moja. Wote wana uvimbe mgumu juu kidogo ya goti.

Baba wa kwanza anaogopa sana. Anauza ng'ombe, anampeleka mwanawe kwa mtu anayejiita daktari, ambaye anapasua bila kupiga picha. Kidonda kinaingia uchafu, uchafu unafika kwenye mfupa, na kijana anakaa nje ya shule mwaka mzima. Kumbe lilikuwa chipukizi tu, ambalo lingeachwa lisingemdhuru.

Baba wa pili hana wasiwasi. Anasema, huyu aligongwa akicheza mpira. Anamwita mkandaji. Wiki zinapita, uvimbe unaongezeka, kijana anaamka usiku kwa maumivu. Miezi mitatu baadaye wanafika hospitali, na huyu ndiye aliye na kansa ya mfupa, inayoitwa osteosakoma. Kansa hiyo inapenda umri uleule na mahali palepale, karibu na goti.

Mnaona jambo hili? Uvimbe usio na hatari na uvimbe wa hatari hukaa mahali pamoja, kwa watoto wa umri mmoja, na vidole vyetu haviwezi kuvitofautisha. Zamani, walipokuwa wakitibu osteosakoma kwa kukata mguu tu, walipona wachache, chini ya mmoja katika watano. Tangu dawa za kansa zilipoanza kutumika pamoja na upasuaji, katika nchi zenye hospitali nzuri wamekuwa wakipona karibu wawili katika watatu, ikiwa ugonjwa haujasafiri. Na mara nyingi hata mguu unaokolewa. Maneno ya kushika hapo ni hayo ya mwisho, ikiwa haujasafiri. Mkandaji hakumpa yule kijana kansa, lakini alikula miezi yake mitatu.

DALILI ZA KUTONGOJA

Mwenye mojawapo ya haya asingoje mkutano ujao wala mavuno. Aende hospitali wiki hiyo:

1. Uvimbe wa mfupa unaokua kwa haraka, wiki kwa wiki.

2. Maumivu ya mfupa yanayoamsha mtu usiku, au yasiyopungua akipumzika.

3. Uvimbe wenye joto, au ngozi juu yake imevutika na kung'aa, mishipa inaonekana.

4. Uvimbe unaokua au kuuma kwa mtu aliyemaliza kukua.

5. Ganzi, mguu kukosa nguvu, au unyayo kushindwa kuinuka.

6. Mfupa uliovunjika kwa pigo dogo.

7. Mtu kukonda bila sababu pamoja na uvimbe.

Na mtoto mwenye homa kali pamoja na mfupa unaouma, asiyetaka kukanyaga wala kuguswa, apelekwe siku hiyohiyo. Huenda si uvimbe bali ni usaha ndani ya mfupa, na huo hauna subira.

Kwa upande mwingine, tusiwatie watu hofu bure. Kinundu cha mbele chini kidogo ya goti, kinachouma mvulana au msichana wa miaka 10 mpaka 15 akikimbia au akipiga magoti, mara nyingi ni mahali msuli unapovuta mfupa unaokua, nacho hutulia akimaliza kukua. Uvimbe laini unaosogea chini ya ngozi mara nyingi ni mafuta. Hata hivyo aonyeshwe kwa mhudumu wa afya, naye ndiye aseme.

TUSIFANYE HAYA

Tusikande uvimbe mgumu wa mfupa. Hakuna mafuta wala mikono inayoyeyusha mfupa. Na kama ndani mfupa umeliwa, kukanda kunaweza kuuvunja.

Tusichanje wala kuchoma kwa moto. Uvimbe unabaki palepale, na sasa kuna kidonda juu yake.

Tusikubali kupasuliwa bila picha kupigwa kwanza. Mtu akikwambia ataukata leo na hajauona ndani, chukua mtoto wako mwende zenu.

Tusimtukane mkandaji. Anajua kazi yake ya kuungua misuli na kuteguka, na watu wanamwamini. Tumwite kikundini, tumwambie jambo moja tu: mtu akija na uvimbe mgumu usiosogea, amtume hospitali kwanza. Akikubali, huyo amekuwa mwenzetu katika kazi hii.

HOSPITALINI KUNA NINI

Anzeni na mhudumu wa afya ya jamii au zahanati iliyo karibu. Wao hawana mashine ya eksirei, lakini wataandika barua ya kuwatuma mbele, mara nyingi hospitali ya kaunti ndogo au ya kaunti. Kupigwa picha hakuumi. Ni kama kupigwa picha ya kawaida, ila hii inapita ndani ya nyama. Ombeni zipigwe picha za pande mbili, mbele na ubavuni.

Mara nyingi chipukizi la mfupa linatambuliwa kwa picha hiyo moja, na mtaambiwa mrudi baada ya miezi kadhaa. Ikiwa kuna shaka, mtatumwa hospitali kubwa zaidi, mahali palipo na daktari wa mifupa, kama vile Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta au Hospitali ya Rufaa ya Moi mjini Eldoret. Kijabe kuna hospitali ya kanisa ya watoto wenye ulemavu wa mifupa, CURE, iliyofunguliwa mwaka 1998.

Daktari anaweza kutaka kutoa kipande kidogo akipime. Msiogope. Kipimo hakileti kansa. Lakini ni vizuri kifanywe na hospitali ileile itakayofanya upasuaji, kwa sababu mahali pa kupasua panahitaji kupangwa. Na chochote kinachotolewa mwilini kiende maabara. Ulizeni bila woga: "Daktari, majibu ya maabara tutayachukua lini?" Msipoyafuata majibu, ni kama hamkupimwa.

Halafu tunzeni picha na karatasi zote. Zifungeni katika nailoni, ziwekeni juu mahali ambapo panya na mvua havifiki. Kama picha iko katika simu au kompyuta ya hospitali, ombeni nakala na muandike tarehe na jina la hospitali. Mwaka ujao daktari atalinganisha picha ya zamani na mpya, na hapo ndipo atajua kama uvimbe umekua au umesimama. Familia iliyopoteza picha inaanza mwanzo tena, kwa nauli mpya na pesa mpya.

KIKUNDI KIFANYE NINI

Mtauliza, sisi ni kikundi cha kuku na miche, haya yanatuhusu vipi? Yanatuhusu kwa njia nne.

Kwanza, habari. Someni hotuba hii mara moja kikundini, na mara moja katika mkutano wa wazazi wa shule. Mwalimu wa michezo huona magoti ya watoto kuliko sisi sote.

Pili, nauli. Safari ya kwanza ya eksirei ndiyo ngumu. Kikundi kinachochanga kidogo kila mwezi kinaweza kuweka mfuko wa nauli ya wagonjwa, ukopeshwe bila riba na urudishwe polepole. Pesa hizo ni ndogo kuliko bei ya ng'ombe atakayeuzwa kwa hofu.

Tatu, bima. NHIF iliondolewa, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mahali pake pamechukuliwa na SHA. Katibu aandike ni nani kati ya wanakikundi amejiandikisha na amelipa mchango, na ni nani bado. Upasuaji wa mifupa si jambo la kuanza kutafutia kadi ukiwa mlangoni mwa hospitali.

Nne, heshima. Familia yenye watoto wenye vinundu isitengwe. Watoto hao waje shule, waje kanisani, wacheze na wenzao. Kikundi kikimkaribisha mama yao kuwa mwanachama, kimefanya kazi ambayo hakuna daktari anayeweza kuifanya.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Hapa kwetu, mtu akipata uvimbe mgumu wa mfupa, huenda wapi kwanza? Kwa nini?

2. Kutoka hapa mpaka mahali penye eksirei ni nauli ya shilingi ngapi, kwenda na kurudi, mtoto na mzazi?

3. Je, kuna nyumba yenye mtoto anayefichwa? Ni nani miongoni mwetu anayeaminiwa na nyumba hiyo, aende akawatembelee kwa upole?

4. Ni nani ataongea na mkandaji wa kijiji, na atamwambia nini?

5. Tutajuaje, baada ya miezi sita, kwamba mazungumzo haya yamesaidia mtu?

Ndugu zetu, hatuwaambii mtembee mkipapasa magoti ya watoto kwa hofu. Watoto wengi wenye uvimbe wa mfupa watarudi kutoka hospitali na habari njema, na wazazi wao watalala. Lakini yule mmoja ambaye habari yake si njema anahitaji kufika mapema, na hatumjui ni yupi mpaka picha imepigwa. Kwa hiyo tuwapeleke wote.